Usilipie "dini nne kwa siku moja" Mombasa kabla hujasoma haya

Mwalimu, usimtumie huyo bwana anayewauzia safari ya Mombasa hata shilingi moja. Kama tayari umeshamtumia amana, mpigie simu leo umwambie safari imeahirishwa na umdai akurudishie, na akikataa, ihesabu kuwa sadaka, kwa maana hasara inayowangoja huko mbele ni kubwa kuliko hiyo amana. Nimelisoma swali lako mara mbili nikiwa nimesimama jikoni, chai ikafura ikamwagika, nami nisiinyanyue sufuria, kwa sababu kila neno la kifurushi ulichonakili ni lile lile nililouziwa mimi: "Msikiti wa kale, hekalu la marumaru, kanisa kuu na futari halisi ya Kiswahili, dini nne kwa siku moja." Hata hesabu yake ni ile ile mbovu, kwani msikiti na futari vyote ni vya dini moja, na mtu anayeshindwa kuhesabu hadi nne hafai kukabidhiwa watu tisa.

Kwa wale ambao hawakulisoma swali lenyewe, mwalimu huyu anatoka Kitale na anataka kuwapeleka Mombasa watu tisa, baadhi yao Wakatoliki, baadhi Waanglikana, pamoja na familia moja ya Waislamu, ili wajionee jinsi watu wa dini na asili mbalimbali wanavyokaa pamoja katika kisiwa kile kidogo. Ameuliza kama waende kwa treni au kwa basi, walale hoteli gani, wavae nini, chakula kitawagharimu kiasi gani, kama watoto watafurahia, na kama kifurushi hicho kinafaa. Nitalijibu hilo la mwisho, na mengine nitayagusa nikiyakumbuka.

Kanuni yangu ni moja, nami niliinunua ghali: muulize mwenye nyumba, usimuulize mwenye gari. Nyumba ya ibada ina wenyewe, nyumba ya kulala watu ina wenyewe, na hodi hupigwa na mgeni kwa mdomo wake. Hodi uliyopigiwa na mtu uliyemlipa si hodi.

Mimi ni mtu wa Nakuru na kazi yangu ni uhasibu, yaani nalipwa kila mwezi ili nisiamini karatasi isiyo na risiti, na bado nilimtumia mtu nisiyemjua shilingi 38,500 kwa simu, shilingi 3,500 kwa kila kichwa, kwa ajili ya watu 11: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, mama mkwe, na majirani sita tunaosali nao. Aliyenipa namba ni shemeji yangu, ambaye alimsifu bwana huyo kwa saa nzima, na ambaye nilikuja kugundua baadaye kwamba hajawahi kuvuka Makupa kuingia kisiwani Mombasa maishani mwake. Namba aliipewa na jirani, na jirani aliipewa na mtu mwingine. Wote waliomsifu walikuwa wamezisikia sifa zake. Aliyewahi kula futari yake hakuwepo hata mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, katikati ya mwezi wa Ramadhani. Sentensi hiyo irudie, mwalimu, kisha uitazame tarehe uliyopangiwa, kwa sababu nimeiangalia kwenye kalenda na yako pia ni Ijumaa.

Tulifika Msikiti wa Mandhry saa sita na nusu mchana. Huo ni msikiti ambao, kwa mapokeo ya wenyeji, ulijengwa mwaka 1570, yaani kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Ni mdogo, mweupe, wenye mnara unaochongoka, na ng'ambo ya njia kuna kisima. Ni mahali pa kufika asubuhi ya siku ya kawaida, mtu akasalimu, akakaa, akatazama taratibu. Sisi tulifika waumini wakimiminika kwa swala ya Ijumaa, na kiongozi wetu akatuambia tuingie tu tusimame nyuma, "hapana neno, mimi hapa wananijua." Kulikuwa na mzee anayetia udhu. Nilitoa simu nikampiga picha, kichwa ameinamisha na maji yanamtiririka viwikoni. Mzee akainua macho, asiseme kitu, akanyoosha mkono ule ule uliolowa akaifunika simu yangu kwa kiganja, kisha akaendelea kuosha miguu. Hakuna aliyetufukuza. Kijana mmoja alitusindikiza hadi kwenye kivuli na kutuambia kwamba lau tungefika saa nne angetutembeza yeye mwenyewe. Kiongozi wetu, anayejulikana hapo, alikuwa ameshajitenga kando akipokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Hekaluni nitapita haraka. Hekalu la Wajaini liko Langoni na lilijengwa mwaka 1963, na kwa kuwa Wajaini hujizuia wasidhuru kiumbe chochote chenye uhai, kitu cha ngozi hakiingii ndani, iwe kiatu, pochi au mkanda. Nilivua viatu, nikavua na mkanda, na suruali niliyovaa ilikuwa ya zamani za kitambi. Yaliyofuata huyasimulia watoto wangu kila tunapopata wageni, nami sitawasaidia kuyaeneza. Nitasema tu kwamba habari ya ngozi tuliipata kwa mlinzi wa mlangoni, si kwa kiongozi tuliyemlipa, na kwamba mlinzi huyo ndiye aliyeniazima kipande cha kamba ya mkonge.

Kanisa Kuu la Kianglikana katika Barabara ya Nkrumah, lile lililofunguliwa mwaka 1905 kuwakumbuka akina Askofu James Hannington aliyeuawa mwaka 1885, hatukushuka kabisa. Bwana yule alilionyesha kwa kidole kutoka kwenye gari na kutuambia kuwa huo ni msikiti mwingine. Ni kweli waliolijenga waliiga matao ya misikiti, na kwa mbali mtu anaweza kulidhania hivyo, lakini mama mkwe ni Mwanglikana wa miaka sabini na macho yake bado yanauona msalaba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa sababu haya yote yalikuwa aibu ndogo ndogo.

Karatasi ya kifurushi iliandikwa hivi: "Futari na biriani nyumbani kwa familia ya Kiswahili, shilingi 1,200 kwa kila mtu." Kwa watu 11 hizo ni shilingi 13,200, nami niliziona ni bei ya haki kwa familia itakayotupikia. Saa kumi na mbili na robo jioni tuliingia vichochoro vya Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, tukasimama mbele ya mlango wa nakshi, na bwana yule akabisha. Alifungua mama wa miaka sitini hivi, amevaa dera na leso begani. "Wageni wako hawa, mama," akasema bwana yule, akatuambia atatufuata saa mbili, akaondoka. Yule mama alisimama mlangoni akitutazama mmoja baada ya mwingine, midomo yake ikitembea polepole. Mimi nilidhani anatuombea dua. Alikuwa anatuhesabu.

"Karibuni, karibuni ndani wanangu, vueni viatu mpumzike," akasema, kwa sauti isiyokuwa na mshangao wowote. Binti wa miaka kama kumi na mitatu aliitwa uani, wakanong'onezana, na mlango wa nyuma ukafunguliwa na kufungwa. Baada ya muda ukafunguliwa tena na kufungwa tena, kisha mara ya tatu. Sisi tulikuwa tumekaa mkekani tukishangaa dari la boriti, na mama mkwe akanisifu mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

Ikaadhiniwa. Tukapewa tende na maji pamoja na wenyeji, mzee wa nyumba akaenda kusali magharibi, akarudi, na masinia yakaletwa: mbaazi za nazi, mihogo ya nazi, mahamri, kaimati, tambi, sambusa, chapati, na birika la uji mwembamba wenye pilipili manga. Vyombo havikufanana. Mbaazi zilikuwa ndani ya bakuli la kijani lililomeguka ukingo, chapati zilikuwa kwenye sahani ya stili, na sambusa zilikuwa kwenye sahani nyeupe yenye maua ya buluu, ilhali vyombo vingine vyote vya nyumba ile vilikuwa vya seti moja, vyeupe vyenye mstari wa dhahabu. Mhasibu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi niliuliza swali jingine.

"Mama," nikasema, "na ile biriani inakuja saa ngapi?"

Mke wangu alinifinya paja. Yule mama akatabasamu akasema, "Biriani ni ya Idi, mwanangu. Leo kuleni mlichoandikiwa." Na ni kweli, pwani biriani ni chakula cha harusi na cha sikukuu, na mtu aliyefunga kutwa hafungulii wali mzito wa nyama, hata mtoto wa Kibokoni angenieleza hivyo. Lakini mimi, badala ya kunyamaza, niliitoa karatasi mfukoni, nikaikunjua, nikamkabidhi. Hakuwa na miwani, akampa mumewe. Mzee aliisoma yote, kuanzia kichwa cha habari hadi kule chini kwenye bei, akaikunja mara nne, akanirudishia. "Huyu kijana anaandika vizuri," akasema, kisha akaniongezea mbaazi.

Baadaye mmoja wa majirani zangu aliuliza kama ni kweli Waswahili wa Mombasa ni Waarabu, kama kiongozi wetu alivyotuambia njiani. Mzee alicheka hadi akakohoa. Akatuhesabia kwa vidole Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yaani Taifa Tatu za Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, halafu Taifa Tisa ambazo ndani yake wamo Wamvita wenyewe, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi na wengineo. Akasema nyanya yake mzaa mama alikuwa Mdigo, na kwamba ukitembea hatua mia moja kutoka mlangoni pake utawakuta Wabaluchi ambao babu zao waliletwa kama askari wa masultani wa Omani, utawakuta Washihiri ambao asili yao ni Hadhramaut, na utawakuta Mabohora ambao wazee wao walitoka Gujarat. Hicho ndicho hasa nilichokisafiria. Nilikuwa nikitikisa kichwa kwa adabu huku nikipiga hesabu ya fedha nitakazodai nirudishiwe kwa ajili ya biriani.

Saa mbili ilifika na bwana yule hakutokea. Tuliaga. Sikuacha hata shilingi, kwa sababu nilijua nimeshalipa, na mlangoni nilimpa mama yule mkono nikamwambia, nayanukuu maneno yangu mwenyewe ili adhabu yangu ikamilike: "Mmejitahidi."

Mji wa Kale huamka baada ya tarawehe. Saa nne usiku nilitoka peke yangu nikaketi kwenye baraza moja karibu na hapo, muuza kahawa akanimiminia kikombe kutoka kwenye dele lake, nikatafuna kashata, na kwa kuwa wanaume waliokuwepo walinikaribisha vizuri, nikawasimulia habari ya futari yangu isiyo na biriani. Nilitarajia wacheke. Hawakucheka.

"Na yule mama mumempa shilingi ngapi?" akauliza muuza kahawa.

Nikamjibu kwamba tulishamlipa kupitia kiongozi wetu, 13,200. Alivigonga vikombe vyake viwili mkononi, kengee kengee, kama wafanyavyo wakitafuta la kusema. Kisha akanieleza, na wale wengine wakimsahihisha pale alipokosea. Bwana yule aliwahi kusoma pamoja na mtoto wa kiume wa nyumba ile. Miaka kadhaa nyuma alimletea yule mama wageni wawili kutoka ng'ambo waliokuwa wamepotea njia wakati wa kufuturu. Akawalisha, wakataka kulipa, akakataa. Tangu siku hiyo jamaa ameigeuza nyumba ya watu kuwa mkahawa wake. Hutuma ujumbe alasiri kwamba analeta wageni, na mama hajui kumrudisha mtu mlangoni magharibi ya Ramadhani. Hajapata kumpa hata thumni. Siku ile ujumbe ulisema wageni watatu.

Sambusa zilitoka nyumba ya Mabohora inayotazamana na ile. Mbaazi zilitoka kwa Washihiri wa nyuma. Chapati zilitoka ghorofani, kwa muuguzi Mkamba aliyepanga chumba, ambaye ni Mkatoliki na hafungi, na zilikuwa chakula chake cha usiku kabla hajaenda zamu. Milango mitatu, mara tatu. Mimi nikauliza biriani.

Nilimpigia simu bwana yule pale pale barazani. Hakupokea. Baada ya dakika kumi aliniandikia: "Ahsante mteja, karibu tena Mombasa." Mwalimu, nimekutana na wezi katika kazi yangu, watu waliojilipa mishahara ya wafanyakazi waliokufa, lakini wale angalau walikuwa wakilijua jina la waliyemwibia. Huyu huuza ukarimu wa mwanamke ambaye hajui hata kama umewekwa sokoni, kisha humwachia mnunuzi alalamikie ubora wake. Na ninaposema kwamba alinidanganya, sijitoi lawamani, kwa maana hakuna aliyenishika mkono nikaitoe ile karatasi.

Jumamosi asubuhi nilirudi na mke wangu, nimeziweka shilingi 13,200 ndani ya bahasha. Nilipiga hodi mwenyewe. Yule mama aliisikiliza hotuba yangu yote, ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi usiku kucha, kisha akaisukuma bahasha kwa ncha ya kidole ikarudi upande wangu. "Kwani mlikuja kununua? Mlikuja kufuturu." Nilijaribu tena, akaniambia nikiendelea atakasirika, na uso wake ulionyesha kwamba hatanii.

Mke wangu ndiye aliyeokoa siku. Aliviona vile vyombo vitatu vimeoshwa na kufudikizwa, bakuli la kijani, sahani ya stili na sahani ya maua, akauliza ni vya nani na vitarudishwa lini. Mama akasema vitarudi akipata cha kutia, kwa sababu chombo cha jirani hakirudi kitupu. "Basi tutatia sisi," akasema mke wangu, na kabla sijaelewa kinachoendelea nilikuwa Marikiti nikichagua maembe, tende na halua. Adhuhuri ilipokaribia nilikuwa nimesimama katika vichochoro vya Kibokoni, mtu mzima, mhasibu mwenye vyeti, nimebeba sahani za watu na kupiga hodi mlango kwa mlango.

Katika nyumba ya Mabohora alifungua bibi mzee aliyevaa rida ya rangi ya waridi, akazipokea salamu na halua, akatukalisha nusu saa akituuliza kuhusu baridi ya Nakuru. Katika nyumba ya Washihiri mzee alinitazama, akalitazama bakuli lake, akaniuliza, "Wewe ndiye wa biriani?" Ghorofani muuguzi alifungua akiwa bado na usingizi wa zamu. Kwenye friji yake alikuwa amebandika ratiba ya kufunga na kufungua ya mwezi mzima, chini ya picha ya Bikira Maria, na nilipomuuliza ni ya nini ilhali yeye ni Mkatoliki, alinikazia macho kama mtu aliyeulizwa mwavuli ni wa nini. "Bila hiyo nitajuaje saa za kutokaanga samaki hapa dirishani?" akasema. Kisha akaongeza kwamba Krismasi uliopita alikuwa zamu, na wa chini walimtunzia sahani hadi usiku wa manane.

Kwa hiyo, mwalimu, achana na dini nne. Chukua nyumba moja kwa siku, na hiyo moja uifikie kwa mwenyewe. Nenda Mandhry asubuhi, usiende Ijumaa, usimame nje, uwasalimu wazee walio barazani na uwaambie mmetoka wapi. Wakisema ingieni, mwingie, na wakisema leo haiwezekani, mazungumzo ya barazani yatawatosha, tena hawa wana mengi ya kusema. Familia yenu ya Kiislamu isiachwe nyuma kama abiria, maana wao ndio wenye hodi nzuri kuliko ninyi nyote pale. Hekaluni ulizeni getini saa wanazopokea wageni kabla hamjajipanga mlangoni. Kanisani nendeni Jumapili mkakae hadi mwisho wa ibada. Mkivuka Likoni kwenda upande wa Diani, iko Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na kule kanuni yangu wenyeji walishaiweka kabla yangu: mgeni haingii msituni ila ameongozwa na mwenyeji, naye hufungwa kaniki kiunoni kwanza. Lau kila nyumba ingekuwa na kaniki yake, bwana yule angekuwa anauza mitumba. Ngome ya Yesu peke yake haina haja ya hodi; mnalipa langoni na kuingia.

Kuhusu usafiri, nendeni kwa basi au gari mtakalolikodi, msiende kwa treni, kwa sababu barabarani mtapita Makindu, kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga, ambayo msingi wake uliwekwa na wafanyakazi wa reli, na ambayo humpa chakula kila msafiri anayeingia bila kumuuliza dini yake wala kumdai senti. Mtafunika vichwa, mtakaa, mtakula, na mtaosha mikono yenu mkijua ni nani hasa aliyewapa. Anzeni hapo na mtakuwa mmeshajifunza nusu ya safari kabla hamjaiona bahari. Mavazi yawe mapana na ya heshima, na mkanda uwe wa kitambaa. Watoto watafurahia, wangu walifurahia suruali. Hoteli waulize wengine humu.

Sababu nyingine ya kuwataka mpande basi ni kwamba basi la kutoka Kitale hupita Nakuru. Yule bibi wa rida aliimimina halua yangu kwenye chombo chake, kisha sahani ile ile ya maua ya buluu akaijaza sambusa za njiani na kuniambia nitairudisha nitakapokuja tena. Imo kabatini kwangu hadi sasa, na mama mkwe hamruhusu mtu kuilia. Niandikie faraghani unieleze siku yenu ya safari, nitawaletea stendi pamoja na maelekezo ya mlango, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu bwana yule naye huenda anasoma. Mpige hodi wenyewe, mseme sahani imetoka kwa yule wa biriani, watajua. Ila kabla hamjafika, piteni Marikiti.